Pumu, Pumzi na Uwanja wa Michezo

Katika shule nyingi za sekondari, saa ya michezo inapofika, wanafunzi wachache hubaki chini ya mti wakilinda nguo na madaftari ya wenzao. Mmoja ana kidonda, mwingine ametoka kuugua malaria, na baada ya wiki moja au mbili hao wamekwisha kurudi uwanjani. Anayebaki pale mwaka mzima, pengine miaka minne, ni mwanafunzi mwenye pumu. Ana barua ya mzazi au ya tabibu inayosema asikimbie. Na katika shule hiyo hiyo yumo mwenzake mwenye maradhi yale yale, ila yeye hana barua; huyo hukimbizwa kwenye mchakamchaka, akirudi nyuma huitwa mvivu, na pengine huadhibiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wote wawili wametendewa kinyume cha yale yanayojulikana juu ya maradhi yao, na kwamba kosa ni moja: hakuna aliyeuliza kama pumu yenyewe imetibiwa sawasawa.

MIRIJA NA HESABU YAKE

Hewa tunayovuta hupita katika bomba kuu lililo shingoni, kisha hugawanyika katika matawi mawili, moja kwa kila pafu. Matawi hayo huendelea kugawanyika zaidi ya mara ishirini hadi kufikia vifuko vidogo sana ambamo oksijeni huingia katika damu. Kuta za mirija hiyo zimezungukwa na misuli, na kwa ndani zimetandikwa utando wenye unyevunyevu. Kwa mtu mwenye pumu utando huo aghalabu una uvimbe, hata katika siku ambazo hajisikii mgonjwa. Uvimbe huo huifanya mirija iwe nyepesi kuchokozeka. Ikiguswa na vumbi, moshi wa kuni, mafua au chavua ya maua, misuli hujikaza, utando huvimba zaidi, ute mzito huongezeka, na njia ya hewa hupungua. Kutoa pumzi huwa kugumu kuliko kuivuta, na kifua hulia kama filimbi.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kukadiria uzito wa jambo hili kwa kalamu na karatasi. Katika karne ya 19 tabibu Mfaransa aitwaye Poiseuille alionyesha kwamba, kwa mtiririko uliotulia, upinzani wa mrija hubadilika kinyume na kipeo cha nne cha nusu kipenyo chake. Nusu kipenyo kikipungua kwa sehemu moja ya tano tu, upinzani huwa 1 kugawanya kwa 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani mara 2.4 hivi ya ule wa awali. Kikipungua hadi nusu, upinzani huwa mara 16. Hewa ya mapafuni haitiririki kwa utulivu wakati wote, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria tu. Hata hivyo yatosha kueleza kwa nini mtoto aliyekuwa akicheka dakika kumi zilizopita sasa ameshika meza kwa mikono miwili akiitafuta pumzi.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Wanafunzi wenye afya (wasio na pumu wala maradhi ya moyo) waruke kamba kwa dakika moja, kisha wabane pua na kupumua kwa nusu dakika kupitia mrija mwembamba wa kunywea soda. Baada ya hapo waulizwe kama wangependa kukimbia mita 400 wakiwa katika hali hiyo. Neno "mvivu" halitasikika tena kwa wepesi katika darasa hilo.

KWA NINI MBIO HUCHOKOZA MAPAFU

Kwamba mbio huamsha pumu ni jambo lililojulikana tangu kale. Tabibu Mgiriki Aretaeus wa Kapadokia alilitaja katika karne za mwanzo za zama zetu. Mwaka 1698 tabibu Mwingereza John Floyer, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi haya, na hakusahau kueleza jinsi mazoezi yalivyomkatisha pumzi. Lakini sababu yake haikuanza kufahamika vema mpaka miaka ya 1970 na 1980, wataalamu walipoacha kuitazama miguu ya mkimbiaji wakaanza kuitazama hewa anayovuta.

Hewa inayofika ndani ya mapafu hainabudi kuwa na joto la nyuzi 37 na kushiba mvuke. Katika hali hiyo kila lita moja ya hewa hubeba miligramu 44 hivi za maji. Tuchukue basi asubuhi ya mwezi wa Julai katika nyanda za juu, mathalani Njombe, joto likiwa nyuzi 10. Hata kama hewa hiyo imeshiba mvuke kabisa, haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 9 hivi kwa lita. Ni hewa yenye umande kwa miguu na nyasi, bali kwa mapafu ni kavu. Upungufu wa miligramu 35 katika kila lita lazima utolewe na utando wa njia ya hewa. Mtoto aliyetulia anayevuta lita 6 kwa dakika hutoa miligramu 210, na pua yake hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Akikimbia, akavuta lita 50 kwa dakika kwa kinywa kilicho wazi, hutoa miligramu 1,750 kwa dakika, na mzigo huo huifikia mirija ya ndani ambayo haikuzoea kuubeba. Sehemu ya maji hayo hurudi wakati wa kutoa pumzi, lakini si yote.

Sasa tumpeleke mtoto huyo Tanga wakati wa mchana, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Hewa ya hapo tayari ina miligramu 23 hivi kwa lita. Upungufu ni 21 tu, na kwa mbio zile zile atatoa miligramu 1,050 kwa dakika, yaani sehemu tatu kwa tano za alizotoa kule milimani. Hapa mwalimu wa jiografia na mwalimu wa biolojia wangeweza kufundisha kipindi kimoja kwa pamoja.

Maji yanapotoka, chumvi inayobaki katika utando huwa nzito zaidi. Wanafunzi waliosoma osmosisi wataona mara moja kitakachofuata: maji hutoka ndani ya seli za jirani, nazo hunywea. Miongoni mwa seli hizo zimo zinazohifadhi histamini na kemikali nyingine za kuchochea uvimbe. Zikisumbuliwa huzimwaga kemikali hizo, na misuli ya mirija hujikaza. Maelezo haya ya ukavu yalifanyiwa kazi hasa na Sandra Anderson na wenzake huko Sydney, Australia. Wataalamu wengine, akiwamo E. R. McFadden wa Marekani, walitilia mkazo kupoa kwa mirija na kupata joto tena kwa ghafula baada ya mbio. Mambo hayo mawili hayako mbali, kwani maji yanayogeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo.

SAA YA MWALIMU

Katika yote yatakayosemwa hapa, jambo ambalo mwalimu wa michezo angelishika hata akiyasahau mengine ni hili: pumu iletwayo na mazoezi ina saa yake. Kila mtu akikimbia hutweta, lakini kutweta kwa mtu mzima wa afya hufikia kilele wakati wa kukimbia, na akisimama hupungua dakika baada ya dakika. Kwa mwenye pumu, aghalabu baada ya mbio za nguvu za dakika 6 au 8, mambo huenda kinyume. Akisimama ndipo kifua huanza kubana. Hali huzidi, hufikia kilele kati ya dakika 5 na 15 baada ya mbio kwisha, kisha hutulia polepole katika muda wa nusu saa hadi saa moja.

Fikirini basi ratiba ya shule. Mchakamchaka huisha, wanafunzi hupanga mistari, wimbo huimbwa, matangazo husomwa, kisha wote huingia darasani. Kifua cha mtoto hubana wakati wa matangazo au katika kipindi cha kwanza cha hisabati, na mwalimu wa hisabati haoni uhusiano wowote kati ya kikohozi kile kikavu na mbio alizoziongoza mwenzake. Ndiyo maana watoto wengi huishi na hali hii bila kutambuliwa. Si kila mwenye kukohoa baada ya mbio ana pumu, wala mwalimu si tabibu. Lakini mwalimu anayeandika katika daftari kwamba mwanafunzi fulani alikohoa dakika kumi baada ya mbio, mara tatu katika mwezi mmoja, amempa tabibu habari ambayo asingeipata kwa kumtazama mtoto aliyetulia kitini.

Uchunguzi uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 1998 unatuonyesha ukubwa wa jambo hili karibu na kwetu. Watoto wa shule zaidi ya 1,000, wa Nairobi na wa vijiji vya Murang'a, walikimbizwa na kupimwa nguvu ya kupuliza kabla na baada ya mbio. Nguvu hiyo ilipungua kwa asilimia 10 au zaidi kwa watoto 22.9 katika kila 100 wa mjini na 13.2 katika kila 100 wa kijijini. Si wote hao wenye pumu, kwani kipimo hicho ni chepesi. Huko Zimbabwe, kwa kipimo kikali zaidi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulipata asilimia 5.8 katika vitongoji vya wenye uwezo mjini Harare, asilimia 3.1 katika kitongoji cha Highfield, na asilimia 0.1 tu kijijini. Tarakimu hazilingani kwa sababu vipimo havilingani, ila zote mbili zinaelekeza upande mmoja: mtoto wa mjini yumo hatarini zaidi, na miji yetu inakua.

MICHEZO HAILINGANI

Mwaka 1971 Fitch na Morton wa Australia Magharibi waliwalinganisha wagonjwa wa pumu wakikimbia, wakiendesha baiskeli na wakiogelea. Kuogelea kulibana kifua kidogo kuliko mbio na baiskeli. Hewa iliyo juu tu ya maji ina mvuke mwingi, na bila shaka hiyo ni sehemu ya jibu, ingawa majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba unyevu pekee haumalizi maelezo. Mbio ndefu zisizo na pumziko, kama mbio za nyika, ndizo huchokoza zaidi. Kandanda na netiboli, ambamo mchezaji hukimbia, husimama, kisha hukimbia tena, huvumilika kwa urahisi zaidi. Mbio fupi na kurusha tufe havina shida kubwa.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Karibu nusu ya watu ambao mbio huwabana kifua, wakikimbia tena ndani ya saa moja au mbili, mara ya pili hawabanwi, au hubanwa kidogo tu. Wanamichezo wenye pumu hulitumia jambo hili kwa kupasha mwili moto kwa dakika kumi au kumi na tano, wakichanganya mwendo wa polepole na mbio fupi fupi za nguvu, kabla ya mashindano yenyewe. Mchakamchaka unaoanza kwa kasi kamili wanafunzi wakiwa wametoka kitandani, katika baridi na vumbi la barabara, ni kinyume kabisa cha utaratibu huo. Sisemi ufutwe. Nasema uanze taratibu, na siku za baridi kali mwenye pumu aruhusiwe kujifunika pua na mdomo kwa kitambaa, ambacho humrudishia sehemu ya mvuke anaoutoa.

WOGA NA MATOKEO YAKE

Mama aliyekesha usiku akimsikiliza mwanawe akipumua kwa taabu hawezi kulaumiwa kwa kuandika ile barua. Lakini tuufuate mkondo wa matokeo yake. Mtoto asiyekimbia hupoteza ukakamavu. Moyo na misuli yake havizoei kazi. Akipanda kilima kidogo anatweta. Kutweta huko ni kwa mwili usiozoeshwa, ila yeye hukuhesabu kuwa pumu, na mwezi ujao hata kilima hicho hukikwepa. Woga wake mwenyewe huongezwa juu ya woga wa mama na wa mwalimu, na mwishowe hakuna anayeweza kutenganisha maradhi na hofu ya maradhi.

Ushahidi wa majaribio uko upande wa kukimbia. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliyokusanya majaribio 21 na watu 772 kuanzia umri wa miaka 8, yalionyesha kwamba mazoezi ya mwili yaliongeza uwezo wa wenye pumu kutumia oksijeni, na kwamba waliyavumilia vema. Nguvu ya mapafu yenyewe wakati wa kutulia haikubadilika sana. Hili lielezwe kwa uaminifu, kwa sababu wako wanaodai kwamba mazoezi huponya pumu. Hayaiponyi. Humpa mtoto akiba ya nguvu, ili kazi ile ile ya kila siku ihitaji pumzi chache zaidi.

Wanafunzi hupenda kuulizia mabingwa. Katika timu ya Marekani iliyokwenda Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, wanamichezo 67 kati ya 597 walikuwa na pumu ya mazoezi, na hao 67 walirudi na medali 41. Karibu zaidi na kwetu ni Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Mwaka 2008 alijiondoa katika marathoni ya Olimpiki mjini Beijing akihofia kwamba hewa chafu ya mji ule ingeichochea pumu yake. Hakuacha kukimbia: huko huko Beijing alishiriki mbio za mita 10,000, na tarehe 28 Septemba mwaka huo, katika hewa ya Berlin, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia ya wakati huo.

DAWA, NA FIKRA POTOFU JUU YAKE

Dawa za kuvuta ni za namna mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha maafa mengi. Ya kwanza hutuliza: salbutamoli hulegeza misuli ya mirija katika dakika chache, kisha nguvu yake hwisha baada ya saa chache. Ya pili huzuia: beklometasoni au budesonidi hupunguza uvimbe wa utando. Hiyo haionyeshi matokeo papo hapo; huhitaji kutumiwa kila siku kwa majuma, na kwa kuwa mgonjwa hahisi kitu mara moja, huiacha na kubaki na ile ya kutuliza peke yake. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, GINA, liliacha kushauri salbutamoli pekee kwa watu wazima na vijana wa miaka 12 na zaidi, kwa sababu humpa mgonjwa nafuu huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini. Mtoto anayehitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeshindwa mbio kila siku, hahitaji barua ya kumtoa uwanjani. Anahitaji tabibu aangalie upya dawa ya kuzuia.

Wengi huliogopa kopo la kuvuta, wanaloliita inhela, wakidhani ni dawa ya mahututi au kwamba humfanya mtoto kuwa mtumwa wake. Vidonge huonekana vyepesi. Hesabu yasema kinyume. Kidonge kimoja cha salbutamoli kina miligramu 2 au 4. Mvuto mmoja wa kopo una maikrogramu 100, hivyo mivuto miwili ni miligramu 0.2 tu. Kidonge cha miligramu 4 ni mara 20 ya hiyo, nacho huzunguka mwili mzima kikitetemesha mikono na kupigisha moyo mbio, ilhali ile ya kopo huenda mahali inapohitajika. Pale tabibu anaposhauri, mivuto hiyo huvutwa dakika 10 au 15 kabla ya mchezo.

Watoto wengi hawawezi kulinganisha kubonyeza kopo na kuvuta pumzi, na dawa huishia kooni. Dawa yake ni chombo cha katikati, na si lazima kiwe cha kununua. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa kopo na kuzibwa pembeni hewa isipenye, iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na chombo cha kiwandani. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa.

Mtoto akibanwa uwanjani akalishwe wima, asilazwe. Apewe mivuto minne ya salbutamoli kupitia chupa, mmoja mmoja, akipumua mara nne kwa kila mvuto. Baada ya dakika nne, asipopata nafuu, apewe minne mingine, na safari ya hospitali ianze huku dawa ikiendelea. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye midomo imegeuka rangi, au anayesinzia, asingojewe hata dakika hizo nne. Kifua kilichokuwa kikilia filimbi kikanyamaza ghafula ilhali mtoto bado anahangaika ni dalili mbaya, wala kisihesabiwe kuwa kimepona.

Ile barua ya mzazi, basi, iandikwe upya na tabibu: dawa gani, mivuto mingapi, dakika ngapi kabla ya mchezo, nini humchokoza mtoto huyu hasa, na nani apigiwe simu. Kopo likae mfukoni mwa mwanafunzi au katika mkoba wa mwalimu wa michezo pale pembeni ya uwanja, si katika kabati lenye kufuli ofisini. Makopo mengi ya salbutamoli huwa na mivuto 200, na yale yasiyo na kihesabio huendelea kutoa mvuke hata dawa ikiwa imekwisha. Kwa hiyo tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu ya kopo, na mivuto ihesabiwe.